Al-Kindi, mfumbuzi wa mafumbo, na laptopu zetu zisizo na komeo



Wiki mbili zilizopita laptopu yangu iligoma kuwaka. Nikaipeleka kwa kijana mmoja fundi wa tarakilishi hapa mjini, nikamwachia asubuhi, nikenda zangu kazini. Nilisahau kumpa neno la siri. Adhuhuri nilipokumbuka nikampigia simu, naye akanijibu kwa adabu kwamba ami nisijisumbue, mashine imeshapona na iko wazi tangu saa nne. Nikamuuliza aliingiaje. Akasema asubuhi ile, nilipokuwa nimesimama dukani kwake, binti yangu alinipigia simu nami nikamwita kwa jina. Fundi akaliandika jina lile, akalitia mwaka aliokisia kwa kuisikia sauti ya mtoto. Mwaka wa kwanza haukukubali, wa pili haukukubali, wa tatu mlango ukafunguka.

Kijana yule ni mwaminifu na hakugusa kisichomhusu. Tena hakuona ajabu yoyote. Aliniambia wateja wake karibu wote ni namna hiyo: ama jina la mtoto na mwaka, ama nambari ya simu, ama Bismillahi kwa herufi ndogo. Mimi ndiye niliyekaa roho juu. Ndani ya laptopu ile mna nakala za hati ya kiwanja cha marehemu baba ambacho hatujakigawa bado. Mna hesabu za kamati ya madrasa. Na mna picha za wanawake wa nyumbani siku ya harusi ya dada yangu, vichwa wazi na hina mikononi, walizopigana wao kwa wao wakiamini haziwezi kuonwa na ajinabi.

Usiku ule, badala ya kutafuta wa kumlaumu, nilimkumbuka mzee mmoja wa Baghdad aliyefariki zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Lau angekuwa hai angemwelewa fundi yule mara moja, kwa sababu hila aliyoitumia fundi ndiyo aliyoiandikia risala yeye. Vijana wetu hukutana na jina lake katika orodha ya wanafalsafa wa Kiislamu, wakalikariri kwa ajili ya mtihani, wakapita. Leo nataka tukae naye barazani kidogo.

Abu Yusuf Ya'qub bin Ishaq al-Kindi alizaliwa Kufa, Iraq, karibu mwaka 801, enzi za Harun al-Rashid. Hakuwa mtoto wa mnyonge. Baba yake alikuwa gavana wa Kufa, na nasaba yake yapanda hadi kwa al-Ash'ath bin Qays, mkuu wa kabila la Kinda aliyemwendea Mtume (SAW) akasilimu. Kinda walikuwa Waarabu wa kusini, na waliwahi kuwa na wafalme wao kabla ya Uislamu. Kwa hiyo watu walipomwita Mwanafalsafa wa Waarabu hawakuwa wakimpamba tu. Zama zile wengi walioshughulika na vitabu vya Wayunani walikuwa Wasuriani na Waajemi, na yeye alikuwa Mwarabu wa ukoo unaojulikana, aliyeamua kuiacha njia ya ugavana akashika kalamu.

Alikwenda Baghdad kusoma. Mji wenyewe ulikuwa mchanga, umejengwa mwaka 762, na ulikuwa umeipata karatasi. Jambo hilo twalipita haraka lakini ndilo lililogeuza mambo. Ngozi ni ghali, karatasi ni rahisi, na palipo na karatasi rahisi huzuka waandishi, wanakili na wauza vitabu. Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, alikusanya vitabu na wafasiri, na al-Kindi akawa mmoja wa wanachuoni waliopata kivuli chake. Ndugu yake na mrithi wake al-Mu'tasim alimheshimu zaidi, hata akamkabidhi mwanawe Ahmad amfunze.

Al-Kindi hakujulikana kwa ujuzi wa Kiyunani. Kazi yake ilikuwa kuwakusanya wafasiri, kuwapa vitabu, kukinyoosha Kiarabu chao, kisha kukaa na yale yaliyofasiriwa akayapima. Msimamo wake ulikuwa kwamba haki ichukuliwe popote itokapo, hata kwa watu wa mbali na wa dini nyingine, na wala haimshushii hadhi anayeichukua. Kwa msimamo huo alipata sifa, na kwa huohuo alipata maadui.

Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad wa karne ya 10, aliorodhesha vitabu na risala zake, na idadi yake yapita 240. Aliandika juu ya falsafa, tiba, muziki, mwanga na macho, nyota, panga na vyuma vyake. Aliandika sehemu nne kuhusu hesabu za Kihindi, yaani hizi tarakimu tuandikazo kila siku. Aliandika kitabu cha manukato chenye maelezo zaidi ya 100 ya kutengeneza mafuta mazuri na maji ya kunukia, kitabu ambacho mama zetu wa udi na uturi wangekigombania. Na aliandika risala juu ya maji kujaa na kupwa. Humo alidhani mwezi huyapasha maji joto yakafura. Leo twajua ni mvuto wa mwezi na jua wala si joto, lakini mtu wa Iraq aliyekaa kufikiria bamvua na maji mafu anastahili salamu kutoka pwani hii.

Hakuwa malaika. Al-Jahiz, mwandishi mkali wa Basra aliyeishi zama hizohizo, alimtia al-Kindi katika kitabu chake cha mabakhili na kumchekesha msomaji kwa ubahili wake. Lakini lipo jingine lililosimuliwa, la kumsifia. Abu Ma'shar wa Balkh alikuwa akimpinga na kuwachochea watu wa kawaida dhidi yake kwa kusoma elimu za wanafalsafa. Al-Kindi hakumjibu. Alimpelekea mtu wa kumtamanisha hesabu na handasa, na Abu Ma'shar akanasa, akaacha ugomvi, akaishia kuwa mnajimu mashuhuri kuliko wote wa wakati wake.

Sasa tuje kwenye lile lililonitoa usingizini.

Dola ya Bani Abbas ilikuwa kubwa, na dola kubwa ni barua. Barua za kodi, za majeshi, za magavana waliokuwa wakifikiria kuasi. Barua nyingine ziliandikwa kwa mafumbo ili anayeinyakua njiani asielewe. Waarabu waliiita elimu hii al-mu'amma, neno litokalo kwenye upofu, yaani maandishi yaliyopofushwa. Kabla ya al-Kindi, Khalil bin Ahmad al-Farahidi, yule mwanachuoni wa lugha wa Basra mwenye asili ya Oman aliyeweka kanuni za arudhi, aliandika kitabu juu ya mafumbo. Yasimuliwa kwamba aliletewa barua ya Kiyunani iliyoandikwa kwa fumbo akaifungua kwa kukisia kwamba lazima imeanza kwa jina la Mungu. Kitabu chake kimepotea. Cha al-Kindi kilibaki, nacho ndicho cha kale zaidi tulicho nacho kinachoeleza hatua kwa hatua namna ya kufungua fumbo la mtu mwingine bila kupewa ufunguo.

Sisi wa pwani jambo hili hatuhitaji kuelezwa sana. Tulipokuwa wadogo tulizungumza kinyume. Maji tukayaita jima, mbuzi tukamwita zimbu, silabi ya mwisho ikatangulia mbele. Tulidhani tumewafungia watu wazima mlango. Siku moja nyanya, Allah amrehemu, alitusikiliza tukipanga kuiba maembe, akatujibu kwa kinyume hichohicho, tena kwa kasi kutushinda. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua.

Kinyume huhamisha silabi na kuziacha zilivyo. Namna nyingine ya fumbo ni kubadilisha herufi zenyewe, kila herufi ikapewa nyingine ya kuisimamia. Tuseme a ikawa b, b ikawa c, na kuendelea. Baba amekuja itaandikwa cbcb bnflvkb. Na si lazima uzisogeze kwa mpango. Waweza kuzichanganya utakavyo, na njia za kuzichanganya herufi za alifabeti ni nyingi kiasi kwamba mtu akijaribu moja kila sekunde, umri wake na wa wajukuu wake hautoshi. Ndiyo maana wafalme waliliamini fumbo la namna hii kwa karne nyingi.

Al-Kindi hakuzijaribu njia hizo moja moja. Alisema kwa ufupi kwamba lugha ina tabia, na tabia haifichiki kwa kuvishwa nguo nyingine. Chukua maandishi ya kawaida ya lugha ileile, marefu ya kutosha, uhesabu kila herufi imetokea mara ngapi. Kisha hesabu alama za lile fumbo. Alama iliyozidi wenzake ilinganishe na herufi iliyozidi wenzake, ya pili na ya pili, hivyo hivyo mpaka maneno yaanze kujitokeza. Yeye mwenyewe aliketi akahesabu. Katika herufi 3,667 za Kiarabu alizozikagua, alifu ilitokea mara 600 na lamu mara 437, na aliyesoma alifu-be-te anajua kwa nini, kwani ile al ya mwanzo wa majina imejaa kila mstari. Herufi adimu kuliko zote ilitokea mara 8 tu. Akaongeza kwamba zipo herufi zinazopenda kukaa pamoja na zipo zisizokutana kamwe, na kwamba watu huanza barua zao kwa maneno yaleyale ya kumtaja Mungu na kusalimu, kwa hiyo mwanzo wa barua ni mlango wa uani.

Rudi sasa kwenye cbcb bnflvkb. Hesabu: b imetokea mara nne, kushinda zote, na maneno yote mawili yameishia nayo. Anayejua kwamba Kiswahili kimejaa a, na kwamba maneno yetu huishia kwa irabu, hahitaji kuambiwa b ni nani. Nilijaribu kwa mkono wangu kuhesabu ukurasa mmoja wa gazeti, na a iliziacha nyingine mbali.

Hapa ndipo nilipomwona fundi wangu. Hakuvunja kitu. Hakujaribu kila neno lililoko duniani. Alihesabu tabia yangu, akaanza na kilicho cha kawaida zaidi: mzazi hupenda mtoto, mtoto ana jina, jina hutiwa mwaka. Na wezi wa mbali hufanya hivyohivyo kwa mashine. Mwaka 2009 kampuni moja ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa maneno ya siri ya wateja wake, yapata milioni 32, nayo yalikuwa yamehifadhiwa wazi bila fumbo lolote. Walioyahesabu wakakuta watu zaidi ya 290,000 wametumia 123456. Hiyo ndiyo alifu ya zama zetu. Tangu hapo orodha kama hizo zimejaa, zimepangwa kuanzia lililo maarufu zaidi kwenda chini, na programu ya mwizi huanza juu ya orodha ikashuka. Ni risala ya al-Kindi, ila badala ya herufi wanahesabu maneno mazima.

Haya si maneno ya kukatisha tamaa. Waliokuja baada yake walijifunza kwake jinsi ya kufumba vizuri zaidi. Fumbo linalotumika leo kwenye tarakilishi, liitwalo AES, lilibuniwa na Wabelgiji wawili na kupitishwa na serikali ya Marekani mwaka 2001. Al-Kindi angelihesabu mpaka mshumaa uzime na asipate kitu, kwa sababu maandishi yakishapita humo kila alama hutokea karibu sawa na mwenzake. Halina alifu wala lamu. Tabia ya lugha imefutwa kabisa, na iliyobaki kukisiwa ni tabia yako wewe mwenye laptopu unapochagua ufunguo.

Na fumbo hilo limo ndani ya laptopu nyingi tulizonazo, limelala tu. Jambo hili mimi sikulijua mpaka juzi, na naogopa wengi hatulijui. Lile neno la siri unaloandika mashine inapowaka ni bawabu wa mlangoni. Halifichi kilichomo ndani. Mwizi akifungua parafujo, akaitoa diski akaichomeka kwenye tarakilishi nyingine, anasoma kila kitu na bawabu wako amesimama palepale mlangoni. Ili diski yenyewe iwe fumbo ni lazima usimbaji wake uwashwe. Kwenye Windows huitwa BitLocker, na matoleo ya kawaida ya nyumbani huwa na kitu chepesi zaidi kiitwacho Device Encryption iwapo mashine inakiweza. Kwenye Mac ni FileVault. Ukiiwasha utapewa ufunguo wa akiba, mlolongo mrefu wa tarakimu au herufi. Uandike kwenye karatasi, uuweke pamoja na hati za nyumba. Usiuhifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo, maana hapo utakuwa umefungia ufunguo ndani ya sanduku lake. Na usiupuuze, kwa kuwa ukisahau neno la siri na ukakosa huo ufunguo, vitu vyako vimekwenda, na hakuna fundi wa kukusaidia.

Ama neno lenyewe, fuata kinyume cha tabia yako. Fungua kamusi mara nne bila kuchagua, uchukue neno moja kila ukurasa utakapoangukia. Kamusi ikiwa na maneno 10,000, mpangilio wa manne wafika trilioni 10,000, ilhali jina la mtoto na mwaka wake ni majaribio kumi au ishirini kwa anayekujua. Lakini yawe yameokotwa kweli. Ukianza kuyapanga yalete maana, au ukachukua methali au aya unayoipenda, umeshamrudishia al-Kindi hesabu yake.

Turudi Iraq, maana sehemu ya pili ya maisha yake ina uchungu.

Mwaka 847 alitawala al-Mutawakkil. Hewa ya ikulu ilibadilika. Wanachuoni waliokuwa karibu na makhalifa waliopita hawakuwa na uhakika wa kesho yao, na waliokuwa na vinyongo wakaona mwanya. Miongoni mwao walikuwa Muhammad na Ahmad, wana wa Musa bin Shakir, watu wenye akili ya kutisha. Wao na ndugu yao wa tatu ndio waliobuni filimbi ya kujipiga yenyewe kwa nguvu ya maji, na wapo wanaoihesabu ile kuwa babu wa mashine zinazofuata maagizo, yaani babu wa hii laptopu ninayoandikia. Elimu na husuda zilikaa kifua kimoja. Ibn Abi Usaybi'a, katika kitabu chake cha maisha ya matabibu, amepokea kisa kwamba ndugu wale walikuwa wakimvizia kila aliyetajwa kwa elimu. Walimsogeza Sanad bin Ali, mhandisi na mnajimu, mbali na ikulu. Kisha wakamtia al-Kindi fitina hata khalifa akaamuru apigwe.

Mzee mwenye umri wa kuwa na wajukuu, mwana wa gavana, mwalimu wa mwana wa khalifa, akapigwa. Wana wa Musa wakenda nyumbani kwake wakachukua vitabu vyake vyote, wakavitia katika ghala la peke yake, na ghala lile likaitwa al-Kindiyya.

Nimelifikiria sana tukio hili. Mtu aliyejua kufungua kila fumbo hakuibiwa kwa fumbo. Aliibiwa na watu wa barazani, waliokaa naye, waliojua nyumba yake ilipo na vitabu viko chumba gani.

Jinsi vitabu vilivyorudi ni kisa kingine. Al-Mutawakkil alikuwa akijenga mji mpya karibu na Samarra, akataka mfereji wa kuleta maji ya mto Dijla. Wana wa Musa wakapewa kazi, wao wakamkabidhi al-Farghani, bingwa wa nyota. Al-Farghani akakosea. Aliuchimba mdomo wa mfereji chini kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo mto ukipungua maji hayafiki mjini. Habari zikamfikia khalifa, akaapa kwamba ikithibitika kuna kosa atawasulubu ndugu wale juu ya mfereji huohuo. Na mtu aliyeitwa kukagua alikuwa Sanad bin Ali, yuleyule waliyemfukuzisha.

Wakamwendea wakimnyenyekea. Sanad hakuwa rafiki wa al-Kindi, na kisa kinasema walikuwa na uhasama baina yao. Hata hivyo aliwaambia kwamba uhasama ni kitu kimoja na haki ni kitu kingine, na kwamba hatasema lolote la kuwaokoa mpaka vitabu vya yule mzee virudi. Muhammad bin Musa akavibeba kuvirudisha, na Sanad akataka hati ya mkono wa al-Kindi kwamba amepokea vyote hadi cha mwisho. Hati ilipofika, akawaambia kuwa mto umejaa na kosa halitaonekana kwa miezi minne, na kwamba wanajimu wanadai khalifa hatafika muda huo. Akaenda kumwambia khalifa kwamba mfereji hauna kasoro. Maji yakapita. Mwishoni mwa mwaka 861 al-Mutawakkil aliuawa, mto haujapungua bado.

Sanad alidanganya, na mimi simhukumu wala simtetei. Ninalolishika ni ile hati. Hakuridhika kuambiwa kwamba vitabu vimerudi, alitaka mwenye mali athibitishe.

Al-Kindi aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, mbali na ikulu. Katika waraka wake juu ya kuondoa huzuni alieleza kwamba vitu vya dunia tumeazimwa, na mwenyewe hachukiwi akivitaka. Akapiga mfano wa abiria wa chombo walioshuka pwani kwa haja zao njiani, wengine wakarudi upesi wakapata nafasi nzuri ya kukaa, wengine wakashughulika na maua na mawe ya ufuoni mpaka chombo kikawaacha. Alifariki karibu mwaka 873. Abu Ma'shar, adui aliyegeuka, ndiye aliyepokewa akisimulia kwamba maradhi yake yalianzia gotini.

Alikuwa na mwanafunzi, Ahmad bin al-Tayyib al-Sarakhsi, aliyemsomesha khalifa al-Mu'tadid kisha akawa msiri wake. Al-Mu'tadid alimfunga, naye akauawa mwaka 899. Wapo waandishi wa zamani wanaosema kosa lake lilikuwa kuitoa nje siri ya khalifa. Hakuna aliyefungua fumbo hapo pia. Ulimi tu. Nililikumbuka hilo nilipohesabu ni watu wangapi nimewatajia neno langu la siri kwa simu, mmoja ili achapishe barua, mwingine ili aangalie barua pepe. Walifika saba.

Vitabu vilivyorudishwa na Sanad vingi havipo tena. Katika zile kazi zaidi ya 240 tumebakiwa na sehemu ndogo. Baadhi ziliokoka kwa sababu Wazungu walizifasiri kwa Kilatini karne ya 12, asili yake ya Kiarabu ikapotea. Risala ya mafumbo ilinusurika kwa sababu mwanakili mmoja aliinakili, na nakala yake ikakaa Istanbul, katika maktaba ya Suleymaniye. Wazungu waliandika historia ya elimu ya siri miaka mingi bila kumpa al-Kindi nafasi yake, mpaka wasomi wa Damascus walipoichapisha mwaka 1987.

Mimi nami nimenakili. Hati za kiwanja na hesabu za madrasa ziko kwenye diski ya nje, nayo imesimbwa, iko nyumbani kwa kaka yangu mkubwa. Picha za harusi nimemrudishia dada yangu mwenyewe, nikazifuta kwangu, maana hazikuwa zangu kuzilinda. Laptopu hujifunga baada ya dakika tatu nikiiacha. Maneno manne nimeyaokota kwenye kamusi, na moja wapo sikulijua maana yake mpaka siku hiyo. Binti yangu aliposikia kwamba jina lake si ufunguo tena alinuna siku nzima, akataka kujua ni nani aliyewekwa mahali pake.